Kitanda cha Mgonjwa Nacho Hupigiwa Hodi

(Maneno haya niliyasema tarehe 5 Mei, Siku ya Usafi wa Mikono Duniani, mbele ya watumishi wa hospitali, wagonjwa na ndugu zao. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka. Nilichopunguza ni salamu tu, maana salamu zetu hazina mwisho.)

Ndugu Mganga Mfawidhi, matroni wetu, madaktari, wauguzi, wafamasia, watu wa maabara, wahudumu wa usafi ambao ndio mnaojua ukweli wa masinki ya hospitali hii. Na ninyi wagonjwa mliosukumwa kwenye viti vya magurudumu mje kunisikiliza wakati mngeweza kuwa mmelala: wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimefanya unesi miaka 31. Miaka ya mwisho nilisimamia wodi ya upasuaji, na wengine mliokaa humu nimewafundisha kunawa: kiganja kwa kiganja, kiganja juu ya mgongo wa mkono, vidole kati ya vidole, gumba, ncha za vidole. Wapo niliowarudisha sinki mara tatu kwa sababu ya gumba. Gumba husahauliwa na watu wote, sijui limekosa nini.

Sasa nianze na aibu yangu.

Mwaka niliostaafu niliteleza bafuni, mguu ukavunjika. Nikapelekwa hospitali ambayo sitaitaja, si hii, nikawekewa chuma, nikalala kitanda namba 6. Kitanda namba 5 alikuwepo mama mwenye kisukari na kidonda cha mguu, kidonda ambacho ukiingia mlangoni unakijua kabla hujakiona. Siku ya nne wakaja raundi. Daktari kijana, mpole, ana adabu, mtoto wa watu kabisa. Akafungua bandeji ya yule mama, akabonyeza pembeni, akanusa, akaandika. Kisha akageuka kwangu. Glavu zile zile. Akashika shuka langu kwa vidole vile vile akalivuta. "Shikamoo mama, tuone kidonda."

Nikasema: "Marahaba mwanangu."

Basi. Sikuongeza neno. Miaka 31 nimefundisha somo hilo, nimesimamia mitihani yake, nimebandika mabango yake kwa gundi ya mkono wangu, na siku mkono mchafu ulipokuja kwenye kidonda changu mwenyewe niliitikia shikamoo.

Najua mnasubiri niseme kidonda kilioza. Hakikuoza, kilipona vizuri, mnaona nimetembea mwenyewe hadi hapa mbele. Na ndiyo maana kisa hiki hakimo kwenye ripoti yoyote. Mara nyingi tukisahau kunawa hatuoni kitu. Homa ikija, inakuja siku ya tatu au ya tano, zamu zimebadilika, na hakuna wa kuuunganisha mkono wa Jumatatu na usaha wa Ijumaa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa ripoti yake mwaka 2022 lilisema kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 hupata angalau ambukizo moja walilolikuta hospitalini. Nchi tajiri ni 7. Hao 15 hawana alama usoni. Wanatoka kwenye vitanda vya kawaida, kwa madaktari wapole.

Usiku ule sikulala. Nilijiuliza kwa nini nilinyamaza. Kwamba sikujua? Nilijua kuliko yeye. Kwamba nilimwonea haya? Kidogo. Lakini sababu yenyewe niliijua, kwa kuwa nimeishi upande wa pili wa kitanda. Kwenye faili la mgonjwa hakuna sehemu ya kuandika kwamba mgonjwa ni msumbufu. Hilo linasemwa kwa mdomo, wakati wa kupokezana zamu: "Namba 6, yule mama mjuaji." Ukishaitwa mjuaji, sindano yako ya maumivu ya saa nane usiku inakuja saa tisa na nusu. Hakuna aliyekukomoa, hapana, ila unakuwa wa mwisho. Nililiogopa neno hilo kwa sababu nimelitamka. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nami nimelala pale sina hata uwezo wa kujigeuza, nikaubusu.

Na si hilo tu. Nikakumbuka mzee mmoja, miaka mingi nyuma, mkulima wa mihogo, tulimfanyia upasuaji wa ngiri. Nilikuwa natoka kitanda cha jirani na glavu mkononi. Akanitazama, akaniuliza taratibu kabisa: "Mwanangu, hiyo glavu ni ya nani?" Nikamjibu: "Ya serikali."

Naona mnacheka. Wodi nzima ilicheka pia. Yule mzee hakuuliza tena mpaka aliporuhusiwa, na walio vitanda vya jirani nao hawakuuliza. Jibu moja, la utani, lilifunga midomo ya vitanda kumi na viwili. Wakati huo nilijiona mcheshi.

Ndiyo maana nikiona kampeni inayowaambia wagonjwa "kuweni majasiri, ulizeni kama mtumishi amenawa," huwa situlii. Wenzetu wamejaribu kabla yetu, tujifunze kwao. Uingereza walianza kampeni yao ya kunawa mikono hospitalini mwaka 2004, wakawaambia wagonjwa kwamba ni ruhusa kuuliza. Kabla ya hapo Marekani mtafiti Maryanne McGuckin na wenzake walikuwa wameanza mpango wa kumfanya mgonjwa mshirika, amuulize kila anayekuja kumgusa kama amenawa. Walipima kwa kuangalia sabuni inavyokwisha. Marekani matumizi ya sabuni yalipanda kwa theluthi moja, na walipoupeleka mpango huo Oxford, Uingereza, yakapanda kwa nusu. Matokeo mazuri. Ila tazameni nani aliulizwa. Pale Oxford, wagonjwa wote walioshiriki waliwauliza wauguzi. Waliothubutu kumuuliza daktari walikuwa 35 kati ya 100. Madaktari, mnaona mlivyo watu wa kuogopwa. Msijivunie.

Kisha kuna utafiti wa Geneva, Uswisi, kwenye hospitali ya Profesa Didier Pittet, yule aliyewahimiza madaktari wa dunia watumie kitakasa mikono cha spiriti. Utafiti ulichapishwa mwaka 2009. Waliwauliza wagonjwa kama wangejisikia huru kumwambia mtumishi anawe. Robo tatu walisema hapana. Wengine walisema si kazi ya mgonjwa, wengine kwamba mtaalamu anajua mwenyewe wakati wa kunawa, wengine ni haya tu. Waswisi hao, watu wasiojua shikamoo! Lakini walipoulizwa, "Na kama mtumishi mwenyewe amekuomba umkumbushe?" mambo yakageuka. Waliosema wangeuliza, hata kama hawajisikii huru, walitoka kama theluthi moja wakafika karibu wanane kati ya kumi.

Kwa hiyo wagonjwa mliopo hapa, leo siwapi kazi. Mnaumwa, kazi yenu ni kupona. Kazi naipeleka kwa waliovaa sare. Mgonjwa atasema siku mtakayomwomba aseme, na atarudia kusema kufuatana na mtakavyomjibu mara ya kwanza.

Tusidhani pia kwamba mgonjwa haoni. Vienna, miaka ya 1840, hospitali kuu ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Ya kwanza waliifanyia kazi madaktari na wanafunzi wao, ya pili wakunga. Ya kwanza homa ya uzazi iliua karibu wazazi 10 kwa kila 100, ya pili chini ya 4. Kupokelewa kulikwenda kwa zamu, siku hii wodi hii, siku ile wodi ile. Daktari Ignaz Semmelweis aliandika jinsi akina mama walivyopiga magoti wakilia wasilazwe wodi ya kwanza. Wengine walijifungulia njiani kuikwepa, na cha ajabu wale wa njiani walikufa kwa uchache kuliko waliolazwa mle. Madaktari walikuwa wanatafuta sababu kwenye hewa, kwenye msongamano, hata kwenye kengele ya padri anayepita kuombea wanaokufa. Kumbe wanatoka chumba cha kupasulia maiti wanaingia moja kwa moja kumpima mzazi kwa mkono. Mei 1847 Semmelweis akaamuru kila mtu anawe kwa maji ya klorini kabla ya kuingia. Aprili walikuwa wamekufa zaidi ya 18 kwa 100. Juni, wawili na kidogo.

Historia inamtaja Semmelweis, na ni haki yake. Lakini mimi nawaza wale wanawake waliopiga magoti. Hawakujua habari za vijidudu, na kwa kweli wakati ule hata madaktari wengi hawakuzijua. Walijua mlango upi unatoa maiti. Walisema wazi, tena kwa machozi, na wasomi wakawaona ni waoga.

Sasa tuje kwetu. Hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Kwetu mtu haingii kwa mtu bila hodi. Na akikaribishwa chakula, kabla hajagusa sinia anasubiri birika na beseni. Mtoto wa nyumba anakuja, anainama, anamimina maji, mgeni ananawa. Awe shehe, awe padri, awe mkuu wa wilaya, awe mkwe aliyekuja kwa mara ya kwanza na kila mtu anamtetemekea: ananawishwa. Sijawahi kusikia shehe akisema, "Mtoto huyu amenivunjia heshima, anadhani mikono yangu michafu." Anasema ahsante, mwanangu. Kunawishwa ni heshima, na anayenawisha ni mwenyeji, hata akiwa na miaka saba.

Basi kwenye wodi mwenyeji ni nani? Tumezoea kudhani ni sisi, na mgonjwa ndiye mgeni. Wodi ni yetu, sawa. Kitanda si chetu. Wale waliotunga zile nyakati tano ambazo mtumishi anatakiwa kunawa anapomhudumia mgonjwa wana kitu wanakiita eneo la mgonjwa: kitanda, shuka, reli, kabati dogo la pembeni, stendi ya dripu na mpira wake. Nilipolisoma kwa mara ya kwanza nilicheka, nikasema huu ni ua wa mtu. Una mpaka. Nje ya mpaka ni barabara, na barabarani mna vijidudu vya kila mpita njia. Wakati wa kwanza, kabla ya kumgusa mgonjwa, ni hodi. Wa nne na wa tano, baada ya kumgusa yeye au vitu vyake, hata kama umerekebisha shuka tu, ni kuaga. Zile mbili za katikati, kabla ya kazi safi kama kanula, ule mrija wa mshipani, au kidonda, na baada ya kukaribia damu na majimaji ya mwili, hizo ni za fundi mwenyewe. Mgonjwa hawezi kuzisimamia na tusimtwishe. Mgonjwa si mkaguzi. Lakini hodi anaiona, yuko mlangoni kwake.

Mwenyeji akibishiwa hodi hajibu "Umenawa?" Swali hilo kwa lugha yetu lina meno, ni swali la mama kwa mtoto aliyetoka kucheza. Ndilo wenzetu waliloandika kwenye mabango yao, na sisi tukalitafsiri neno kwa neno tukashangaa watu hawalisemi. Mwenyeji anasema "Karibu." Karibu dokta, dawa ya mikono iko hapo miguuni. Karibu sista, maji yanatoka leo. Hilo bibi wa miaka sabini anaweza kumwambia daktari bingwa bila kutetemeka, kwa sababu amewaambia wageni maisha yake yote.

Ila ajue kwamba ni kwake. Nani amwambie? Wewe unayempokea. Siku anayolazwa tunamsomea muda wa kuona wagonjwa, choo kilipo, asitundike kanga dirishani. Ongeza hapo: "Mama, kila nikija hapa utaniona napaka mikono kwanza. Siku nikisahau, nikaribishe." Nimepima kwa saa yangu, hayafiki sekunde kumi. Na siku akikukaribisha, usimwambie "Nimeshanawa kule," hata kama ni kweli na Mungu shahidi. Paka tena, mbele yake, sekunde 20 mpaka 30, mwambie ahsante. Kitanda cha pili wanasikiliza. Ile "ya serikali" yangu ilisikika, na ahsante nayo itasikika.

Matroni, hapa nina ombi kwako peke yako. Neno "mjuaji" likitajwa kwenye kupokezana zamu, simamisha kikao. Usifoke. Uliza tu: amejua nini?

Glavu. Niliseme hili haraka maana mmelichoka. Glavu ni ya kukulinda wewe na kazi moja kwa mgonjwa mmoja. Ukitoka nayo namba 5 kwenda namba 6 ni mkono mchafu uliovaa nguo. Ukiivua, nawa. Tumeendelea?

Tumeendelea. Mgonjwa asiyeweza kusema je? Mtoto mchanga, aliyepoteza fahamu, mzee aliyepigwa kiharusi? Yupo ndugu. Hospitali zetu si kama za Geneva, kwetu ndugu analala chini ya kitanda juu ya kanga, ndiye anayemgeuza, anamlisha uji, anamwaga mkojo. Tunamtumia kama nusu ya muuguzi, halafu tukianza mafunzo tunamfukuza nje ya wodi kwa sababu muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Yeye ndiye wa kwanza kufundishwa. Tena ana mikono na yeye. Akimaliza mgonjwa wake anakwenda kumsaidia wa kitanda cha pili asiye na mtu, kwa huruma, na huruma hiyo inabeba vijidudu kama raundi ya madaktari. Mfundisheni kupaka mikono, na mtaona: anayenawa mwenyewe ndiye anayekuwa na mdomo wa kuwakaribisha wengine wanawe.

Wauguzi naona mnanitazama kwa jicho moja. Nalijua jicho hilo. Mnasema: bibi, wagonjwa 40, wauguzi wawili, bomba limekauka tangu juzi, chupa ya kitakasa ni tupu, halafu mgonjwa anikaribishe ninawe nini, mate? Mna haki. Ripoti za Shirika la Afya Duniani na UNICEF za mwaka 2022 zilisema nusu ya vituo vya afya duniani havina huduma za msingi za kunawa, yaani maji na sabuni au kitakasa mahali mgonjwa anapohudumiwa na chooni. Nusu. Mgonjwa akimwambia muuguzi wa zamu "karibu unawe" mbele ya chupa tupu, wote wawili wanaaibika, na wa kuaibika hayupo chumbani.

Kwa hiyo mdomo wa mgonjwa usiishie kwa nesi. Mkiwa na wawakilishi kwenye kamati ya usimamizi wa kituo, hao ndio wenu, ninyi wananchi. Mwulizeni mwakilishi wenu chupa ya wodi ya wazazi ilijazwa lini. Muuguzi akiuliza hilo mara tatu anaitwa mkorofi. Mwananchi akiuliza mara moja linaingia kwenye muhtasari wa kikao.

Na wafamasia msikae kimya, spiriti si lazima itoke ng'ambo. Bamako, Mali, kwenye hospitali ya Point G, walitengeneza kitakasa chao kwa spiriti ya miwa ya huko huko. Kabla ya mpango ule watumishi walinawa mara 8 katika kila nafasi 100 walizotakiwa kunawa. Baadaye karibu 22. Mtaniambia 22 ni kidogo. Ni kidogo, lakini 8 ilikuwa kidogo zaidi, na bila chupa hata Semmelweis angekaa. Kanuni ya Shirika la Afya iko wazi kwa kila mtu: kwa lita 10, ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, jaza na maji yaliyochemshwa yakapoa, acha saa 72 kabla ya kutumia. Gliserini msiipunguze kwa kubana matumizi. Ndiyo inayozuia ngozi kupasuka, na nesi mwenye mikono iliyopasuka hanawi, hata umkaribishe kwa ngoma.

Muda wangu umekwisha, Mganga Mfawidhi ameshatazama saa mara mbili kwa adabu.

Mwezi ujao natolewa kile chuma mguuni, hapa hapa kwenu, na kitanda sijui kitakuwa namba ngapi. Daktari atakayenifanyia kazi amekaa safu ya pili pale, amevaa shati la bluu, naona ameanza kuangalia viganja vyake. Usiogope mwanangu. Shikamoo yako nitaiitikia, halafu nitakukaribisha.